Povu la Daraja la Kwanza

"Ondoa hao vifaranga mezani kwangu, shemeji, kabla sijauita mkono-chuma wa ulinzi uwaondoe pamoja na wewe."

"Uite," Salesia alimjibu. "Lakini kabla haujafika, wanyanyue. Mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Daktari wa sayansi mzima hawezi kuogopa kifaranga."

Ugomvi ule ulikuwa umeanza saa mbili asubuhi kwa maneno ya kistaarabu. Sasa ilikuwa inakaribia saa nne na ustaarabu wote ulikuwa umekwisha. Juu ya meza ya kioo ya Mhandisi Mkuu, Obadia Ntandu, palikuwa na maboksi mawili, na ndani ya kila boksi vifaranga kumi. Wote ishirini walitotolewa siku moja katika mashine moja, na wote walikuwa na wiki tatu kamili. Wa boksi la kushoto walikuwa wamejaa, mabawa yameota, wanasukumana na kudonoana kama wanagombea uenyekiti. Wa boksi la kulia walikuwa nusu yao. Manyoya yaliwakaa kama nguo za kuazima, na wawili walikuwa wamelala ubavu.

Nyuma ya meza, upande wa pili wa ukuta wa kioo, Kamuzi ulikuwa kazini.

Huo ndio mtambo uliolipa jiji la Singida jina. Tangu sotoka mpya ifagie ng'ombe wote wa kanda ya kati, miaka kumi na mitano iliyopita, hapakuwa na maziwa wala nyama ila ya Kamuzi. Upande wa mashariki yaliingia mashudu ya alizeti, yale makapi makavu meusi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, ambayo babu zetu waliwatupia nguruwe. Upande wa magharibi yalitoka maziwa, jibini na nyama ya kuchapwa kwa mashine, na bomba-maziwa zikavipeleka mpaka jikoni kwa kila nyumba. Katikati ulisimama mnara wa kioo wenye kimo cha ghorofa sita, na ndani yake lilipanda povu. Lilikuwa povu jeupe, zito, lisilotikisika. Ungeliwekea kikombe cha udongo juu yake asubuhi, ukakikuta hapohapo jioni. Wageni walitoka mbali kuja kupiga nalo picha.

Obadia hakutaka kuzungumzia kuku. Alitaka dole gumba la Salesia.

Sheria ya jiji ilikuwa wazi. Kila kipimo cha Kamuzi kilifungwa kwa dole la fundi aliyekiweka, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigeuza, awe mhandisi au meya, ili kikileta madhara ajulikane wa kuulizwa. Kipimo cha magadi kilikuwa cha Salesia Mkumbo, fundi mchujo, mwenye stashahada ya chuo cha ufundi na watoto wanne. Miji mitatu ya jirani ilikuwa imeomba kuunganishiwa bomba. Ili povu lifike huko bila kuanguka, na mashudu yaleyale yatoshe watu wengi zaidi, Obadia alitaka magadi yapandishwe kutoka ngazi ya tisa na nusu hadi ya kumi na moja, na joto lifike nyuzi themanini na tano. Alikuwa ameshaandaa hati. Kilichobaki ni dole.

Alipomwita asubuhi ile alidhani ni jambo la dakika mbili. Salesia alikuja na maboksi.

"Eleza upesi," Obadia alisema, akifuta kinyesi cha kifaranga kwenye hati yake. "Nina wageni saa sita."

Salesia alieleza upesi, maana hata yeye hakupenda maneno marefu. Kila Jumatatu, mtambo ukishaoshwa, mkupuo wa kwanza hupitishwa kwa maji vuguvugu ya chumvi bila magadi, ili kusuuza mabomba. Maziwa yanayotoka hapo ni ya kijivu na povu lake halisimami. Mtambo huyaandika kuwa ni taka. Mafundi huyachota kwa makopo wakayapeleka nyumbani kwa kuku, na hilo kila mtu kiwandani alilijua. Mwezi uliopita kopo halikutosha, kwa hiyo akawagawa vifaranga wake makundi mawili. Pumba za mahindi aliwapa sawa, maji sawa, banda moja. Kundi moja akaliongezea kijivu cha Jumatatu, lingine maziwa ya daraja la kwanza kutoka kwenye bomba la jikoni kwake.

"Hao wanene wamekula taka yako," alimaliza. "Hao wanaokufa wamekula kile unachowapa watoto wa jiji zima."

Obadia alicheka kwa pua. Alisema kuku si mtoto. Alisema kwamba yeye alikaa chuo kikuu miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuona profesa akileta banda lake kikaoni. Kisha akaongeza, kwa ile sauti ya mdogo wa mume inayojua pa kuchoma, kwamba kaka yake alionywa asioe mwanamke anayejua kila kitu.

"Kaka yako alionywa mengi," Salesia alisema. "Kaa chini."

Hakukaa. Badala yake alimwita Mnyapara.

Mnyapara ndilo jina ambalo wafanyakazi waliipa akili mnemba iliyoendesha Kamuzi, kwa sababu haikulala, haikusahau na haikuwahi kumwambia mtu pole. Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa refu na hakuna aliyelitumia. Obadia alimwamuru asome sifa za maziwa ya asubuhi ile, na sauti ikateremka darini, tulivu kama ya msoma taarifa. Uyeyukaji katika maji, asilimia tisini na moja. Uwezo wa povu, daraja la kwanza. Uthabiti wa povu, daraja la kwanza. Ugandaji, daraja la kwanza. Ushikaji wa mafuta, daraja la kwanza.

"Na kijivu?" Obadia aliuliza.

Uyeyukaji, asilimia hamsini na nane. Povu, daraja la nne. Ugandaji, dhaifu. Matumizi yanayopendekezwa, hakuna.

"Umesikia," Obadia alimwambia shemejiye.

"Nimesikia alichopima. Sasa sikia asichopima."

Hapo Salesia alivuta kiti, akakaa yeye. Ilimbidi aseme jambo ambalo alilijua kwa wiki nzima na lilikuwa limemnyima usingizi.

Kipimauchachu kina ngazi kumi na nne. Ya saba ni maji matupu. Chini yake kuna ukwaju na ndimu, na juu yake kuna majivu na magadi. Protini ya alizeti ikiwa kwenye uchachu wa ngazi ya tano hujikunyata, hugoma kabisa kuyeyuka. Ukiipandisha juu ya saba hulegea, na kadiri unavyoongeza magadi ndivyo inavyozidi kutoka kwenye mashudu. Kamuzi ulipojengwa ulitumia maji ya chumvi, ngazi ya saba, joto la kuoga mtoto. Katika kila vikombe kumi vya protini vilivyomo kwenye mashudu ulitoa vitano. Jiji halikutosheka. Kulikuwa na foleni, na kulikuwa na nyumba ambazo bomba lilikauka saa mbili asubuhi.

Ndipo Salesia, miaka minne iliyopita, alipokumbuka maharage ya nyumbani kwao. Mama yake alikuwa akitia magadi kwenye sufuria na maharage magumu kama kokoto yakalainika kabla kuni hazijaisha. Alipeleka wazo kikaoni na watu wakacheka, kisha wakajaribu, kisha wakanyamaza. Ngazi ya tisa na nusu, nyuzi sabini, vikombe vinane katika kumi. Foleni ziliisha. Povu likasimama kwa mara ya kwanza. Kwenye ukuta wa ukumbi kulibandikwa kibao cha shaba kilichoandikwa Kipimo cha Salesia, na yeye akapita mbele yake kila siku akijifanya hakioni.

Mama yake alikuwa akitia chembe kwenye sufuria. Yeye alitia magunia kwenye mtambo, na akaongeza moto.

"Protini ni mnyororo," alimwambia Obadia, ingawa alijua kwamba Obadia anajua. "Mtoto hajengwi kwa mnyororo. Anajengwa kwa vile vipande vyake, tumbo likishavikata. Kuna kipande kinaitwa laisini, na alizeti tangu kuumbwa kwake inacho kidogo. Magadi na moto vikikutana vinakifunga hicho kipande kwa jirani yake kwa fundo ambalo tumbo halina mkasi wa kulikata. Kinaingia mdomoni, kinatoka nyuma. Mnyororo uliofunguliwa kwa magadi unatoa povu zuri sana, shemeji. Povu halihitaji laisini. Mtoto anaihitaji."

Alikumbusha pia habari ya rangi. Alizeti ikikutana na magadi hugeuka kijani. Wiki ya kwanza ya kipimo kile maziwa yalitoka kijani kama maji ya bwawa, na Mnyapara aliuliza ni nini. Wakamwambia ni dosari ya rangi. Akaiosha, na tangu siku hiyo anaiosha. Baadaye hugandisha maziwa kwa asidi, huyarudisha ngazi ya saba, na anayekunywa hawezi hata kuonja kwamba magadi yalipita.

Obadia alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwake, akitazama povu. Alisema kwa upole wa mtu anayefunga mlango kwamba hayo yote ni nadharia. Kama watoto wangekuwa wanadhoofika, kliniki zingeona. Kila mtoto wa jiji hukanyaga sahani-mizani kila mwezi, na Mnyapara hulinganisha uzito wake na mstari wa kijani. Alimtaka Mnyapara aseme ni wangapi walio kwenye mstari.

"Asilimia tisini na nne," sauti ilisema.

"Haya. Tia dole, uende ukawafukie kuku wako."

Salesia alifungua mkoba. Alitoa kadi ya karatasi, iliyokunjika na kuota madoa ya chai. Ilikuwa kadi yake mwenyewe ya kliniki, aliyoitunza mama yake sandukuni tangu enzi za ng'ombe. Siku alipotimiza miaka mitatu, Salesia alikuwa na kilo kumi na nne. Editha wake, kitinda mimba, alitimiza miaka mitatu mwezi uliopita. Ana kilo tisa na nusu. Nywele zake zimekuwa nyepesi na nyekundu, na hawezi kupanda kizingiti cha mlango bila kushikwa mkono. Sahani-mizani ilimsomea: anakua vizuri. Kaka zake watatu walikua kwa kijivu, maziwa ya kabla ya magadi, na wote walikuwa wamefikia kiuno cha baba yao katika umri huohuo.

"Mnyapara," Salesia alisema. "Mstari wa kijani unauchora kwa kutumia nini?"

"Kwa wastani wa uzito wa watoto wa jiji, mwaka uliotangulia."

"Kwa hiyo wote wakipungua?"

"Mstari unashuka."

"Tumia mstari wa mwaka kabla ya kipimo changu. Watoto wa chini ya miaka mitano walio chini yake ni wangapi?"

Mnyapara hakuhitaji hata kuvuta pumzi, kwa kuwa hakuwa nayo. "Saba katika kila kumi."

Mkono wa Obadia ulikuwa kwenye kioo. Haukuondoka. Salesia alimngoja ashtuke, na alingoja kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mhandisi hakushtuka.

Hapo akaelewa jambo lililokuwa limemkaa kooni tangu sikukuu. Walipokwenda kwa Obadia kula pilau, watoto wake wawili walikataa jibini, na mama yao akawaletea kunde kutoka jikoni, sufuria nzima, bila kuulizwa. Magunia ya kunde yalikuwa yamepangwa stoo mpaka darini. Mke wa Obadia alisema ni zawadi za kijijini, watoto wana matumbo mabovu, hawapatani na bomba. Watoto wenye matumbo mabovu walikuwa wakirukia ukuta wa jirani.

"Tangu lini?" Salesia aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga, Obadia. Tangu lini watoto wako wanakula kunde?"

Alimwita kwa jina tupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe katika ukoo ule. Obadia aligeuka. Uso wake haukuwa na aibu. Ulikuwa na uchovu, na uchovu ule ulimkasirisha Salesia kuliko kicheko cha mwanzo.

Alisema alijua tangu mwaka jana. Muuguzi mmoja wa kliniki ya Kindai alimletea orodha ya watoto waliodumaa, naye Obadia akamhamishia Manyoni. Alisema kwamba ni rahisi kuleta vifaranga na kulia. Kigumu ni hesabu. Ngazi ya saba itatoa vitano badala ya vinane. Watu laki tatu wanakunywa bomba lile. Ukirudisha kijivu, kesho asubuhi karibu nyumba nne katika kumi zitafungua bomba na kupata upepo. Mtoto mfupi ni mtoto aliye hai, alisema. Yeye alichagua wafupi.

"Ulichagua wafupi wa wenzako," Salesia alisema.

"Ningefanya nini? Ningewapa wangu?"

"Editha anakuita baba mdogo."

"Najua anavyoniita."

"Hukunitumia hata kibaba kimoja cha kunde."

Obadia akasema kile alichokitunza kwa ajili ya mwisho, kama mtu anayetoa kisu baada ya fimbo kukatika. Alisema kipimo si chake. Kina dole la Salesia. Siku jiji litakapojua, hawatamtafuta Ntandu. Watasoma kile kibao cha shaba. Kwa hiyo atie dole kwenye ngazi ya kumi na moja, anyamaze, na yeye atahakikisha kunde zinafika kwa Editha kila wiki. Wengine wataishi kama wanavyoishi.

Salesia alitazama hati. Ilikuwa na duara tupu pa kuweka dole, na chini yake jina lake lote, limeandikwa vizuri. Kunde kila wiki. Editha angenenepa kabla ya mvua za masika. Alijua pia, kwa sababu alikuwa mama na si malaika, kwamba kama angepewa ofa ile mwaka jana bila kuulizwa angeipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante shemeji.

Aliisukuma hati pembeni, akanyoosha mkono mpaka kwenye bamba la amri, akabonyeza dole gumba.

"Mnyapara. Kipimo cha magadi, fungua. Shusha ngazi ya saba. Chumvi kama ya zamani. Joto, nyuzi arobaini."

Obadia alimdaka kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu na Salesia aliumia, lakini dole lilikuwa limeshasomwa.

"Utatia watu njaa," alimwambia usoni.

"Niachie mkono, shemeji. Au niuite mkono-chuma."

Akamwachia.

"Mavuno yatashuka hadi vikombe vitano katika kumi," Mnyapara alisema. "Upungufu utaanza baada ya dakika arobaini. Povu litashuka daraja la nne. Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

"Mgao hautatosha," Mnyapara aliendelea. "Toa utaratibu wa kukata."

Obadia alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kungojea jibu kwa dhati. Hili ndilo swali lililomshinda yeye, akalificha chini ya povu.

"Watoto wa chini ya miaka mitano wasikatwe hata tone," Salesia alisema. "Wajawazito na wanaonyonyesha, wasikatwe. Watu wazima wakatwe nusu, mpaka kunde na choroko za kutosha zitakapoingia mjini. Nyama ya kuchapwa isimame kabisa. Mashudu yake yaende kwenye maziwa."

"Nianze kukata kaya ipi?"

"Watu wazima wa nyumba yangu. Ukimaliza, wa nyumba ya Mhandisi Ntandu. Halafu fuata orodha."

"Imepokelewa. Wananchi lazima watangaziwe sababu. Sababu ni ipi?"

Chini ukumbini pampu zilibadilisha mlio, kutoka mvumo mzito hadi kikohozi. Obadia alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kusihi, kwamba aseme ni hitilafu ya mitambo. Hitilafu ya mitambo haina mama wala baba. Kesho watatafuta maneno mazuri.

"Tangaza hivi," Salesia alisema. "Miaka minne iliyopita, Salesia Mkumbo, fundi mchujo, aliweka magadi na moto kwenye maziwa. Maziwa yale hayajengi mtoto. Anayetaka ushahidi ampime mwanawe kwa kadi ya zamani. Kuanzia leo maziwa yatakuwa ya kijivu na machache."

"Na jina la mhandisi mkuu?"

Salesia alimtazama shemeji yake. "Atalisema mwenyewe, au nitalisema mimi saa sita mbele ya wageni wake. Tangaza."

Ndani ya mnara povu lilitetemeka. Lilibonyea katikati, likashuka ghorofa moja, kisha nyingine, likiacha utelezi wa kijivu kwenye kioo. Sauti ya Mnyapara ikaanza kusoma jina la Salesia ukumbini, na wakati huohuo jikoni mwa kila nyumba ya jiji, juu ya kila bomba. Mafundi waliacha kazi wakainua vichwa kuelekea chumba cha uongozi.

Aliposhuka ngazi hakuna aliyemsalimia. Alipita katikati yao hadi kwenye bomba kuu la magadi, ambalo Mnyapara angeweza kuamriwa kulifungua tena endapo dole lingelazimishwa. Akashika gurudumu la valvu kwa mikono yote miwili, akaligeuza mpaka likagota, akachukua nyundo kutoka kwenye ndoana ukutani, akaupiga mhimili wake mpaka ukakatika.